Mwache kekeo, kamlee mwanao

Leo naomba tuweke kando kidogo mambo ya disko na nani kaachana na nani, tuongee habari za ndege. Usigeuze ukurasa, tafadhali! Ndege huyu nusura avunje nyumba ya mtu hapa mtaani kwetu, na mimi nilikuwepo.

Mambo yalianza hivi. Kijiwe chetu kipo chini ya mnazi mmoja mrefu, jirani na fundi baiskeli. Juu ya mnazi huo akina mnana, wale ndege wadogo wa manjano, wametundika viota vyao kama vipira vya nyasi, na kelele zao ni kama soko la Feri asubuhi. Jumamosi ile tulikuwa kama sita hivi, kahawa na kashata mkononi, tunabishana mpira kama kawaida. Akaja mshikaji wetu mmoja, jina lake naliweka mfukoni, ambaye ana mtoto wa kike wa miezi tisa. Akaketi kimya. Kumbana kidogo, akatoboa: wiki ya pili sasa hajaacha hela ya maziwa nyumbani.

Kisa? Eti mtoto hafanani naye. Yeye mweusi tii, mtoto maji ya kunde. Yeye masikio yamelala, mtoto masikio yamesimama. Anasema akimwangalia anaona sura ya mtu asiyemjua.

Basi mjuaji wetu wa kijiwe, maana kila kijiwe kina mjuaji wake, akadakia: "Umebambikiwa, mwanangu! Hujapata kusikia habari za kekeo? Yule ndege anataga kwenye kiota cha mwenzake, halafu mwenye kiota analea bure. Sasa wewe ndiye mnana, na humo ndani kwako kuna kinda la kekeo!"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mshikaji hakucheka. Nikamwona ameinua macho, anautazama ule mnazi.

Msomaji wangu, mimi si mshenga wala si hakimu. Lakini kekeo namfahamu, nimemtazama na nimemsoma. Na nikajua palepale kwamba mjuaji wetu alimjua ndege huyo nusu tu. Nusu hiyo ilikuwa inataka kumnyima mtoto maziwa. Kwa hiyo leo tummalize kekeo mzima, kuanzia manyoya hadi tumbo, ndipo turudi kwa mshikaji.

PAMBA ZA KEKEO

Kekeo wapo wa aina nyingi. Anayewasumbua akina mnana hasa ni mmoja mdogo wa kijani, ambaye wataalamu wanamwita Chrysococcyx caprius. Neno hilo la kwanza limetokana na Kigiriki, na maana yake ni kama kusema kekeo wa dhahabu. Wazungu wanamwita Diederik, na jina hilo kajipa mwenyewe kwa mdomo wake, maana dume akipanda juu ya mti analia "di-di-di-didirik", anarudia na kurudia mpaka unatamani kumtupia kandambili.

Umbo lake si kubwa. Kutoka mdomo hadi mkia ana sentimita 18 mpaka 20 hivi, yaani theluthi mbili ya rula ya shule. Lakini pamba zake, bwana we! Dume mgongo wake ni wa kijani kinachong'aa, umechanganyika na mng'ao wa shaba, kama sufuria mpya iliyopigwa na jua. Tumbo ni jeupe, na ubavuni ana mistari ya kijani iliyokatiza. Juu ya jicho pana mstari mweupe kama nyusi zilizopakwa chokaa, na jicho lenyewe ni jekundu, limezungukwa na duara jekundu. Kwenye mabawa na mkia kuna madoadoa meupe. Akipita juani unaweza kudhani mtu karusha kito.

Jike naye kapendeza, ila hana makeke kama dume. Mgongo wake una shaba nyingi kuliko kijani, na koo na kifua vimefifia vikawa na rangi ya chai ya maziwa. Mtoto wao utamjua kwa mdomo wake mwekundu. Wapo watoto wa kijani na wapo wa hudhurungi, na wote wana madoa tumboni.

Usije ukamchanganya na ndugu yake mmoja anayeitwa kekeo wa Klaas. Huyo naye ni wa kijani juu na mweupe chini, lakini hana yale madoa meupe kwenye mabawa, na weupe wa usoni kwake ni kidoa tu nyuma ya jicho. Naye ni tapeli vilevile, ila wateja wake ni wengine, akiwemo chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu wa kunyonyea maua.

MTAA ANAOKAA

Kekeo wa kijani ni mwenyeji wa Afrika yote iliyo kusini ya Sahara. Hata kusini mwa rasi ya Uarabuni yupo, kule Yemen na Dhofar ya Oman. Hapendi msitu mnene uliofunga, na hapendi jangwa tupu. Yeye anataka mahali palipo wazi penye miti miti: mbugani, kandokando ya mito, mashambani, na kwenye bustani za watu. Ndiyo maana mtu wa mjini anaweza kumsikia bila kulipa kiingilio cha hifadhi.

Lakini anwani yake ya kweli haiko kwenye mti, iko kwa jirani. Penye viota vya akina mnana, au vya kweche wekundu wa kwenye matete, au vya shomoro, ndipo na yeye hujisogeza. Hao ndio wateja wake. Tena anasafiri kufuata majira. Kule kusini mwa bara letu hufika na mvua kwenye mwezi wa Oktoba, akaondoka kuelekea Aprili. Anafuata mvua kwa sababu mbili. Mvua huleta wadudu, na mvua huwafanya akina mnana waanze kujenga. Yaani anasubiri nyumba iezekwe, ndipo aje kuulizia chumba.

Akina mnana wenyewe wanamjua. Akikatiza karibu na koloni lao wanamtimua kwa kelele, kama mtaa unavyomtimua kibaka. Kwa hiyo mwizi huyu hafanyi kazi kwa raha, anafanya kwa kuvizia.

MEZANI KWAKE

Chakula chake ni wadudu, na anayempenda kuliko wote ni kiwavi. Tena si yule laini tu. Anakula hata wale viwavi wenye vinyweleo, ambao ukiwagusa unajikuna hadi jioni na ambao ndege wengi wanawaogopa. Jamii ya kekeo ina utaalamu wa kuwamudu, na vinyweleo vinavyonasa ndani ya tumbo hutapikwa baadaye. Ukiacha viwavi, anakula panzi, mbawakawa na kumbikumbi. Kwa mwenye bustani ya mchicha, kekeo ni kibarua asiyedai mshahara.

Jike ana kitafunwa kingine cha pembeni, nacho ni mayai. Akiingia kwenye kiota cha mnana kutaga, hutoa yai la mwenye nyumba na mara nyingi analila.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo nilipomkazia macho mshikaji wangu. Wakati wa kuchumbiana, dume la kekeo humtafutia jike kiwavi kinono, akamletea mdomoni, akamlisha. Umesikia? Huyu tunayemwita tapeli, mhuni, asiye na nyumba wala kiota, anajua kumpelekea mwenzake chakula. Na wewe wiki ya pili hujaacha hata hela ya pakiti moja ya maziwa!

Kijiwe kikacheka tena, lakini safari hii kwa upande mwingine.

MCHEZO WENYEWE

Sasa tuje kwenye mchezo uliompa jina baya. Jike la kekeo hajengi, haatamii, halishi. Anawavizia akina mnana mpaka nafasi ipatikane, anaingia, anatoa yai moja, anataga la kwake, anaondoka. Yai moja kwa kiota kimoja, kisha anahamia kwingine. Kwa msimu mmoja anakadiriwa kutaga mayai 20 na kitu. Ukiyapiga hesabu, hiyo ni mitaa mingi.

Na hatagi ovyo. Kila jike ana mteja wake maalumu, na yai lake linafanana na la mteja huyo. Anayewatagia kweche wekundu hutaga yai la bluu tupu, kwa sababu kweche anataga la bluu tupu. Anayewatagia wenye mayai ya madoa hutaga lenye madoa. Ni muhuri wa kughushi, lakini umeghushiwa na fundi.

Yai la kekeo huanguliwa baada ya siku 10 hadi 12, kwa kawaida kabla ya mayai ya mwenye nyumba. Kinda hutoka uchi, kipofu, hana hata unyoya mmoja. Lakini katika siku zake chache za mwanzo huyasukuma mayai ya mwenye nyumba, au makinda yake, mpaka yaangukie nje. Anabaki peke yake. Atakaa humo kiotani kama siku 20 akilishwa, na hata akitoka ataendelea kulishwa kwa wiki kadhaa na mama mlezi.

Zamani watu walikataa kuamini habari hiyo. Walidhani labda ni wazazi wa kiotani ndio wanaowatupa watoto wao. Mwaka 1788 daktari mmoja wa Uingereza, Edward Jenner, aliandika kwamba alishuhudia kwa macho yake kinda la kekeo wa kule Ulaya likifanya kazi hiyo ya kusukuma. Akaeleza hata kibonde kilichopo mgongoni mwa kinda, ambamo yai hukaa likisukumwa. Wapo waliombeza. Ni Jenner huyohuyo aliyekuja kupata sifa duniani kwa chanjo ya ndui mwaka 1796. Kuhusu kekeo pia alikuwa sahihi.

MNANA SI MJINGA

Mjuaji wetu alisema mnana ni mjinga. Hapo ndipo alipoteleza vibaya.

Kwanza, mlangoni. Wapo akina mnana wanaojenga kiota chenye mrija mrefu wa kuingilia, unaoning'inia chini kama soksi. Mrija huo ukiwa mwembamba, mwenye nyumba anapita, lakini kekeo mwenye mwili mnene zaidi anapata taabu.

Pili, saini. Mnana kichwa-cheusi ana jambo la ajabu. Jike mmoja hutaga mayai ya sura moja maisha yake yote, lakini hayafanani na ya jirani yake. Huyu anataga meupe, yule bluu, yule kijani, huyu yana madoa, yule hayana. Kila jike ana saini yake kama ya benki. Kekeo akija na yai la kubahatisha, mwenye nyumba analiona si lake na analitupa nje.

Unataka ushahidi kwamba saini hizo zililetwa na vita na kekeo? Upo. Ndege hao walichukuliwa na watu kutoka Afrika zaidi ya miaka 200 iliyopita, wakapelekwa kisiwa cha Hispaniola, ambako leo kuna nchi za Haiti na Jamhuri ya Dominika. Wengine walipelekwa Mauritius katika karne ya 19. Kote huko hakuna kekeo wa kuwatagia. Mwaka 2005 mtafiti David Lahti alitangaza matokeo ya kulinganisha mayai ya visiwani na ya huku Afrika. Yale ya visiwani saini zimeanza kufifia. Mayai ya jike mmoja yameanza kutofautiana yenyewe kwa yenyewe, na ya majike mbalimbali yameanza kufanana. Palipokosekana mwizi, kufuli limelegea.

Kwa hiyo mnana ni mkaguzi, tena mkali. Swali linakuja: mbona mkaguzi huyo akishaanguliwa kinda lisilo lake, lenye mdomo mwekundu na mwili usiofanana kabisa na wa watoto wake, analilisha tu?

Jibu lake, msomaji wangu, ndilo lililonifanya niandike safu hii.

Mwaka 1993 mtafiti mmoja, Arnon Lotem, alipiga hesabu ya jambo hili. Alisema hivi. Tuseme mama ndege anajifunza sura ya watoto wake kwa kuangalia uzazi wake wa kwanza, kisha anakataa chochote kisichofanana nao. Je, kama uzazi ule wa kwanza uliingiliwa na kekeo? Atajifunza kwamba mtoto wake ni yule kekeo. Kuanzia hapo atawakataa watoto wake halali, uzazi baada ya uzazi, mpaka afe. Hasara ya kosa hilo ni kubwa mno. Kulea wa mwenzio mara moja unapoteza msimu mmoja. Kumkataa wako kwa makosa unapoteza vyote.

Ndiyo maana ndege wengi hukagua yai, lakini kinda akishafungua mdomo wanamlisha. Wapo wachache waliovuka mpaka huo, mfano ndege mmoja mdogo wa Australia ambaye huweza kulitelekeza kinda la kekeo. Lakini hata yeye wakati mwingine hukosea, akamtelekeza mwanawe halali aliyebaki peke yake kiotani.

Nilipofika hapo, kijiwe kilikuwa kimya. Hata mjuaji alikuwa anachezea kikombe.

TUJE KWAKO SASA

Sasa nikamgeukia mshikaji. Nikamwambia, kaka, hebu tuitazame vizuri hiyo hadithi uliyotupiwa.

Moja. Katika habari ya kekeo hakuna mke aliyetoka nje ya ndoa. Hakuna! Yai limeingizwa na mtu baki kutoka nje, wakati mama mnana yuko kazini. Yeye kaibiwa yai lake, kapotezewa watoto wake, kisha kabebeshwa kazi ya kulisha. Katika kisa hiki mama ndiye aliyeumia kuliko wote. Sasa wewe unachukua kisa ambacho mama ni mwathirika, unakwenda nacho nyumbani kumshitakia mkeo. Kekeo na shemeji yetu wanahusiana nini?

Mbili. Unasema mtoto hafanani na wewe. Kinda wa kekeo hafanani na mnana kwa sababu ni ndege wa jamii nyingine kabisa. Mwanao ni binadamu, na binadamu hurithi ukoo mzima. Anaweza kuchukua rangi ya bibi mzaa baba na masikio ya babu mzaa mama, akawaacha ninyi wawili mnatazamana. Kabla hujatafuta masikio hayo mtaani, umeyatafuta kwenye picha za nyumbani kwenu?

Tatu. Kama una shaka ya kweli, si ya kijiweni, dunia ya leo ina dawa yake. Vipo vipimo vya vinasaba, na hapa nchini vinafanywa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ipo Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 inayoeleza utaratibu, na maombi hupitia kwenye mamlaka kama mahakama na maofisa wa ustawi wa jamii. Hapo ndipo penye jibu. Kijiwe hakina maabara. Kijiwe kina kahawa.

Nne, na hii ndiyo nzito. Mnana amechagua lipi, kati ya makosa mawili? Amechagua lile linalopona. Ukimlisha mtoto wiki hizi, kisha ije kujulikana vingine, umepoteza hela ya maziwa. Ukimnyima, kisha ije kujulikana ni wako, huo muda utaununua duka gani? Miezi tisa ni umri wa kuota meno na kujifunza kutambaa. Mtoto wa umri huo hajui vinasaba, anajua njaa. Hata sheria inamtambua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mzazi ana wajibu wa kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi na matibabu. Haikusema "akifanana naye".

Na kuna jambo la tano ambalo sikulisema mimi. Lilisemwa na mzee fundi baiskeli, ambaye muda wote alikuwa ameinama anaziba pancha, tukadhani hasikilizi.

"Wanangu," akasema bila kuinua kichwa, "mimi nimelelewa na baba wa kambo. Aliponichukua nina miaka minne. Alijua mimi si wake, mtaa mzima ulijua. Ufundi huu kanifundisha yeye. Siku moja niligombana na watoto wenzangu wakaniita jina baya, nikamwendea nalia. Akanipa spana, akaniambia shika hapa, kaza. Basi. Mpaka anakufa sikumsikia akiuliza nimefanana na nani."

Akachovya mpira kwenye karai la maji, akatazama mapovu yanapotokea, akaendelea na kazi.

Msomaji wangu, tofauti yetu na mnana ipo hapo. Mnana analisha bila kujua. Binadamu anaweza kujua kila kitu na bado akalisha. Mitaa yetu imejaa watu wa namna hiyo: akina mama wadogo, mashangazi, mababa wa kambo, majirani, wanaolea watoto ambao hawakuwazaa. Tena wanalea wakijua, kweupe. Ukimwita mtoto wa namna hiyo "kinda la kekeo" umemtukana mtoto ambaye hajasukuma yai la mtu, na umemtukana mlezi ukimwona kama aliyelaghaiwa. Huyo hakulaghaiwa na mtu. Ameamua.

Mshikaji hakujibu kitu. Alikaa kidogo, akamaliza kahawa yake, akalipa. Tukamwona anavuka barabara kuelekea duka la Mpemba. Alipotoka alikuwa na mfuko mkononi, na kwa namna ulivyolala nilijua ndani mna pakiti za maziwa, si moja. Akashika njia ya kwao.

Sijui kama shaka imemwisha. Hilo ni lake na mkewe, na pengine la Mkemia Mkuu. Ninachojua ni kwamba Jumamosi iliyofuata alikuja kijiweni na mtoto kambeba begani. Mtoto akainua kidole kidogo kuelekea juu ya mnazi kwenye viota, akapiga kelele za furaha, na akina mnana wakamjibu kwa kelele zao. Mjuaji wetu akamwomba ambebe. Mtoto akamshika sikio akalivuta mpaka kijana wa watu akatoa machozi. Tulicheka wote, na safari hii hata baba yake alicheka.

Nawe ukisikia "di-di-di-didirik" juu ya mti jirani na kwenu, simama kidogo umtafute. Mtazame yule mchangamfu wa kijani mwenye jicho jekundu, umshukuru kwa kukulia viwavi vyako. Makosa yake ni ya kindege, muachie yeye na akina mnana, wana vita vyao vya tangu zamani. Mambo ya nyumbani kwako yamalize nyumbani kwako, na hela ya maziwa uiache mezani kabla hujaja kijiweni.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwa leo, mwenzio nimemaliza!